Ngano za kale hazikukosa damu

Ukipita leo kwenye rafu ya fantasia ya duka lolote kubwa la vitabu, au ukifungua kurasa za wasomaji wanaopeana mapendekezo kwenye TikTok, utakutana na sura ulizozijua tangu utotoni zikiwa zimebadilika. Cinderella ameshika kisu. Binti aliyelala miaka mia ameamka na hasira zake. Mbwa mwitu aliyemlaghai msichana wa kofia nyekundu sasa ndiye mpenzi wake. Majalada ni meusi, yamezungushiwa miiba, na kabla ya sura ya kwanza mwandishi ameweka onyo: humu mna mateso, mna udhalilishaji, mna vifo. Ni riwaya za watu wazima, zinauzwa kama za watu wazima, na wachapishaji wameshaacha kuzichukulia kama biashara ya pembeni.

Ubishi juu ya riwaya hizi umekuwa wa mazoea. Wapo wanaosema zinaharibu hadithi za watoto, kwamba zinachukua kitu safi na kukipaka matope. Wapo wapenzi wa riwaya zenyewe, ambao wana jibu moja wanalolirudia kila mara: hatujaharibu chochote, tumeirudisha hadithi ilivyokuwa mwanzo, kabla filamu za katuni hazijailainisha. Mimi ninazisoma riwaya hizi kwa miaka mingi na ninazipenda, lakini jibu hilo la wenzangu haliniridhishi, na shutuma za wanaotupinga haziniridhishi vilevile. Pande zote mbili zinakubaliana bila kujua kwamba jambo jipya katika riwaya hizi ni giza. Giza ni la zamani. Ukihesabu maiti na viungo vilivyokatwa, ngano nyingi za kale, fupi kama zilivyo, haziachwi nyuma na riwaya ya kurasa mia tano. Kitu kipya ambacho riwaya inaleta, inapoandikwa na mtu anayejua anachokifanya, ni kumbukumbu: anayeumizwa mwanzoni mwa kitabu bado anaumwa mwishoni. Ngano haikuwa na hilo, na hapo ndipo ninapopaona pa kuzipimia riwaya hizi, mbivu na mbichi.

Tuanze na dai kwamba hadithi safi za watoto zimechafuliwa, kwa sababu ndilo linaloanguka upesi zaidi. Kitabu cha Giambattista Basile, kilichochapishwa Napoli kati ya 1634 na 1636 baada ya mwenyewe kufariki, kina kisa cha binti aliyelala ambacho hakina busu la kumwamsha. Mfalme mwenye mke wake anamkuta binti amelala, anamwingilia akiwa hana fahamu, kisha anarudi kwake na kumsahau. Binti anajifungua mapacha akiwa bado usingizini. Anaamka siku mtoto mmoja anapotafuta ziwa, anakosa, ananyonya kidole cha mama yake na kukitoa kibanzi cha kitani kilichomlaza. Charles Perrault, aliyewaandikia watu wa tabaka la juu la Ufaransa mwaka 1697, alimwacha msichana wa kofia nyekundu tumboni mwa mbwa mwitu, hadithi ikaishia hapo. Mwindaji anayekuja kulipasua tumbo tunampata kwa ndugu Grimm, wakusanyaji wa ngano wa Ujerumani. Na Hans Christian Andersen, mwaka 1837, alimkata nguva wake ulimi, akampa miguu ambayo kila hatua ilikuwa kama kukanyaga visu, kisha akamwoza mwana wa mfalme kwa mwanamke mwingine.

Jacob na Wilhelm Grimm wanataka kuangaliwa kwa karibu zaidi, maana wao ndio wengi wetu tunaowafikiria tunapozitaja hadithi hizi. Juzuu yao ya kwanza ilitoka Berlin mwaka 1812, ikiwa na ngano 86 na maelezo ya kuwafaa wasomi. Watu wakalalamika kwamba kitabu hakifai kwa watoto, na Wilhelm akaanza kupiga pasi. Alipiga pasi toleo baada ya toleo hadi la saba, la mwaka 1857, na katikati ya safari hiyo, mwaka 1825, likatoka toleo dogo la ngano 50 lililowalenga watoto. Ukifuatilia alichokifuta na alichokiacha, utashangaa. Katika toleo la 1812 Rapunzel anamuuliza mlezi wake kwa nini nguo zinambana, swali la msichana mwenye mimba asiyejua kuwa ana mimba. Swali hilo likaondolewa. Malkia aliyetaka kula ini na mapafu ya Snow White alikuwa, mwaka 1812, mama yake mzazi. Mwaka 1819 akageuzwa kuwa mama wa kambo. Mwanamke aliyeshinikiza Hansel na Gretel watelekezwe msituni naye alianza kama mama mzazi, akaja kufanywa wa kambo baadaye. Lakini vile viatu vya chuma vilivyopashwa moto, ambavyo malkia anachezeshwa navyo harusini hadi anakufa, vilibaki palepale. Na njiwa wanaowadonoa macho dada wa kambo wa Cinderella hawakuwamo mwaka 1812. Waliongezwa.

Kwa hiyo usafishaji ule haukugusa ukatili. Uligusa mimba, na ukamgusa mama mbaya. Ukatili uliruhusiwa kubaki, hata kuongezeka, mradi uwe ni adhabu ya mkosaji. Huo ulikuwa uamuzi wa mhariri wa karne ya 19 kuhusu yapi yanafaa kusikika sebuleni kwa familia za tabaka lake, nasi tumeupokea kana kwamba ndiyo sura ya hadithi tangu kuumbwa kwake. Wanawake wangapi wanaolea watoto wasiowazaa wamebeba jina baya kwa miaka mia mbili, na sehemu ya mzigo huo imetoka kwenye kalamu ya Wilhelm Grimm! Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu katika ubishi huu wote sijamsikia mtu akililalamikia, wakati Cinderella mwenye kisu analalamikiwa kila siku.

Je, wapenzi wa riwaya wameshinda, basi? Bado. Huo “mwanzo” wanaodai kuurudia haupatikani popote. Mwaka 1893 Marian Roalfe Cox, mtafiti wa ngano Mwingereza, alikusanya masimulizi 345 ya Cinderella na visa vya ukoo wake. Kisa cha Ye Xian, binti wa Kichina anayepoteza kiatu cha dhahabu, kiliandikwa katika karne ya 9, mamia ya miaka kabla ya Perrault. Yupi kati ya hao ndiye wa kwanza? Hata wasimulizi wa Grimm hawakuwa wote vikongwe wa mashambani kama tunavyopenda kuamini; wengi walikuwa wasichana waliosoma wa mji wa Kassel na kandokando yake, wengine wa familia zenye asili ya Ufaransa. Kila aliyesimulia aliikuta hadithi imeshapita mikononi mwa watu wengi. Mwandishi wa leo anayesema ameirudisha kwenye asili amechagua toleo moja lililompendeza, jambo ambalo ni haki yake, lakini asiliite uaminifu.

Kuna sababu nyingine ya kuikataa hoja hiyo, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Damu iliyomo ndani ya ngano na damu iliyomo ndani ya riwaya hazifanani. Chukua ngano ya kunguru saba katika mkusanyo wa Grimm. Baba ana wana saba, kisha anapata binti dhaifu anayetakiwa abatizwe haraka. Wavulana wanatumwa maji kisimani, wanagombania nani achote, mtungi unatumbukia, nao wanaogopa kurudi nyumbani. Baba anawaapiza kwa hasira wageuke kunguru, na papo hapo wanageuka. Binti anakua, anapata habari, anafunga safari hadi mwisho wa dunia kuwatafuta kaka zake. Nyota ya alfajiri inampa kifupa cha mguu wa kuku, ndicho kitakachoufungua mlima wa kioo walimo. Anakifunga kwenye kitambaa na kwenda. Anafika mlangoni, anakifungua kitambaa, kifupa hakimo, amekipoteza njiani. Anatoa kisu, anakata kidole chake kidogo, anakitia kwenye tundu la mlango, mlango unafunguka. Kinachofuata ni kibeti anayemlaki ndani na kumuuliza anatafuta nini.

Niliisoma ngano hiyo nikiwa na miaka tisa hivi, na sikushtuka hata kidogo. Niliirudia ukubwani nikapata mshtuko, na kilichonishtua zaidi ni kile kitambaa. Anacho mkononi. Ametoka kukifungua sasa hivi. Anajikata kidole na hakitumii kitambaa kufunga jeraha, kwa sababu jeraha halipo. Pale kidole kilipokuwa, hakuna kitu kinachovuja wala kinachouma. Max Lüthi, mtaalamu wa ngano kutoka Uswisi, aliieleza hali hii katika kitabu chake cha mwaka 1947. Wahusika wa ngano hawana undani, alisema. Hawana mwili wenye nyama wala hawana wakati unaowapitia. Wanakatwa kama karatasi inavyokatwa. Binti anayekatwa mikono na babake huishia kuota mikono mingine. Aliyelala miaka mia huamka na ujana wake uleule. Ukatili unatajwa kama tunavyotaja kwamba jua limechwa, na hadithi inasonga mbele.

Riwaya haiwezi kufanya hivyo hata ikitaka. Ukishampa mhusika kurasa mia tatu, ukaingia kichwani mwake, ukaeleza baridi aliyoisikia na alichokiota usiku, huwezi tena kumkata kidole na kuendelea na safari. Ndiyo maana kisa kilekile, bila kuongezewa tone la damu, kinakuwa kizito mara kumi kikiingia kwenye riwaya. Mfikirie Gretel. Kwenye ngano, baada ya kumsukumia mchawi ndani ya tanuri, yeye na kaka yake wanajaza mifuko lulu na vito, wanavushwa maji na bata, wanafika nyumbani. Mke wa baba amekufa. Baba anafurahi, lulu zinamwagwa sakafuni, shida zimekwisha, raha mustarehe. Sasa waweke watoto hao kwenye riwaya na umwache usiku uingie. Baba ndiye aliyewapeleka msituni, mara mbili. Asubuhi atasema twendeni tukatafute kuni. Hansel ataamka au atabaki kitandani macho wazi? Na kila mkate utakapookwa katika nyumba hiyo, Gretel atasimama wapi? Mwandishi hajabuni ukatili wowote hapo. Amewakataza tu watu wasisahau.

Angela Carter, mwandishi Mwingereza, alilifahamu hili mapema. Katika kisa cha Perrault cha yule tajiri mwenye ndevu za buluu, mke kijana anafungua chumba alichokatazwa, anakuta maiti za wake waliomtangulia, ufunguo unapata doa la damu lisilofutika, na kaka zake wanawahi kumwokoa. Mwishoni anarithi mali na kuolewa na mwanaume mwema ambaye, Perrault anasema waziwazi, alimsahaulisha wakati mbaya aliopitia. Mwaka 1979 Carter akakiandika upya. Kaka hawapo. Anayekuja mbio juu ya farasi, bastola mkononi, ni mama wa yule binti, na ukikumbuka jinsi Wilhelm Grimm alivyokuwa akiwaondoa mama wazazi kwenye ngano zake, kurudi kwa mama huyu kuna uzito wa pekee. Lakini kilichonikaa mimi ni doa. Kwa Carter, ufunguo wenye damu unabanwa kwenye paji la uso la binti, na alama yake haitoki tena, si kwa poda wala kwa rangi. Anaanza maisha mapya na mrekebishaji wa sauti za piano, kijana kipofu, na anashukuru kwamba haioni. Perrault alimaliza kwa kusahau. Carter akaliweka lile doa usoni, mahali ambapo kila mtu mwenye macho atalisoma.

Robin McKinley, wa Marekani, alifanya jambo la kukaribiana na hilo mwaka 1993. Alichukua kisa cha mfalme mjane anayetaka kumwoa binti yake mwenyewe, kile ambacho Perrault alikisimulia kwa mashairi mwaka 1694. Kwa Perrault binti anatoroka kwa wakati akiwa amejifunika ngozi ya punda, anaolewa na mwana wa mfalme mwingine, na baba anakuja harusini tamaa zake zikiwa zimekwisha, wanakumbatiana kwa furaha. Kwa McKinley binti hawahi kutoroka. Unyama wenyewe haujazi kitabu. Kurasa nyingi zinakwenda kwenye majira ya baridi mlimani, na mbwa wake, na akili iliyojifunga isikumbuke, na watoto wa mbwa yatima anaowalea usiku kucha hadi mwili wake unajifunza tena kwamba mguso unaweza kuwa wa upole. Mtu anayempenda anapomchumbia, anakimbia. Harusi ya mwisho ni ya baba yake, anayetaka kuoa msichana mwingine mdogo, na binti anasimama mbele ya wageni wote na kutaja alichofanyiwa. Anayeiita riwaya hiyo chafu kuliko ngano yake ajiulize lipi chafu zaidi: binti anayesema, au baba anayekumbatiwa.

Ipo hoja dhidi yangu ambayo siwezi kuipuuza, nayo haihusu uchafu. Ngano haina undani kwa sababu nzuri. Msikilizaji ndiye anayeujaza. Mwanasaikolojia Bruno Bettelheim, mwaka 1976, alitetea ukatili wa ngano za zamani kwa hoja kwamba mtoto anakuta humo hofu zake mwenyewe zikiwa zimepewa umbo analoweza kulishika, na kwamba kumnyima hilo ni kumwacha peke yake nazo. Si kila alichosema ninakikubali, lakini hapo aligusa kweli. Zimwi lisiloelezwa linamtosha kila mtu. Riwaya ikishalieleza, ikampa zimwi jina, utoto na harufu, limekuwa zimwi la mwandishi. Tena kuna watu ambao ubapa wa ngano ndio njia yao pekee ya kusema. Jane Yolen aliandika riwaya mwaka 1992 kuhusu bibi ambaye maisha yake yote aliwasimulia wajukuu kisa cha binti aliyelala, akikikosea kila mara mahali palepale. Baada ya kufa kwake, mjukuu anakwenda Poland na kugundua kwamba kasri lilikuwa kambi ya Chełmno, ambako Wanazi waliua watu kwa moshi wa magari, na ule ukungu uliowalaza watu wote ulikuwa gesi. Bibi hakuwa na namna nyingine ya kulibeba. Kwa hiyo ninakubali: riwaya inapojaza undani, kuna kitu inakichukua. Msomaji aliyeumizwa anaweza kuihitaji ngano siku moja na riwaya siku nyingine, na siku ya ngano asilazimishwe kupokea riwaya.

Hoja nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, inahusu mapenzi. Sehemu kubwa ya riwaya hizi za sasa zinarudia kisa cha mrembo na mnyama, au zinazipa ngano nyingine umbo lake: binti anatekwa, mtekaji ni mkatili na mzuri wa sura, hofu inageuka hamu. Kisa hicho kiliandikwa na Gabrielle-Suzanne de Villeneuve mwaka 1740, kisha Jeanne-Marie Leprince de Beaumont akakifupisha mwaka 1756 kwa ajili ya wasichana aliokuwa akiwafundisha. Katika ulimwengu wao binti wa familia bora aliozwa kwa mtu aliyechaguliwa na wengine, na kisa kilikuwa na ushauri ndani yake: mvumilie, huenda chini ya manyoya kuna mtu. Watetezi wa riwaya za leo husema msomaji mtu mzima anajua tofauti ya kitabu na maisha, na kwamba ndani ya kitabu anaweza kuionja hatari bila kudhurika. Hilo ninalikubali, msomaji si mjinga, na nimechoka kuona wanawake wazima wakisimamiwa wanachosoma. Lakini mwandishi hajasamehewa kwa hilo. Binti anapofungiwa chumbani sura ya tano, akatetemeka, akalia, na kufikia sura ya kumi na tano mlango ule umegeuka kuwa jambo la kuwachekesha wawili hao, tumerudi kwa Beaumont. Vumilia, utamzoea. Kumbukumbu imetupwa, na pamoja nayo sababu ya kuiandika riwaya badala ya ngano. Hapo giza limebaki kuwa pambo la jalada.

Mtindo wa kumpa mchawi utoto wa huzuni nitaupitia haraka, maana umezidi na karibu wote unakwenda njia moja. Malkia wa Snow White alidhalilishwa akiwa msichana, kwa hiyo tumwelewe. Tumwelewe, sawa. Lakini katika riwaya nyingi za namna hiyo, kadiri jeraha la malkia linavyokumbukwa ndivyo jeraha la binti linavyofifia, hadi yule mtoto wa miaka saba aliyetumiwa mwuaji msituni anakuwa kero katika hadithi ya mtu mwingine. Mwandishi mwenye uwezo hubeba yote mawili. Wengine wanahamisha tu usahaulifu kutoka kiti hiki kwenda kile.

Yote haya yana maana kwa wanaoviuza vitabu, wanaovihakiki na wanaowanunulia vijana. Wingi wa riwaya hizi una sababu ya kibiashara iliyo wazi: ngano za kale hazina mwenye hakimiliki, na jina la Cinderella linajiuza lenyewe kabla ya mtu kusoma neno moja. Mahali penye jina la bure pana uvivu pia. Mhakiki anayetaka kutusaidia aache kutuambia kitabu ni cha giza kiasi gani, kwa nyota tano au kwa matone ya damu, atuambie mambo yaliyotokea yanakwenda wapi baadaye. Mzazi anayeliona jina la hadithi aliyosomewa utotoni asidhani anajua kilichomo. Wala asidhani kwamba binti wa miaka kumi na saba anayesoma kitabu kama cha McKinley yuko hatarini kuliko mwenzake anayesoma kisa cha mtekaji mpole kisicho na onyo lolote. Na kuhusu maonyo yenyewe, ambayo wengine wanayadhihaki, mimi nayachukulia kwa uzito. Mwandishi anayeweka ukurasa wa kutuonya kwamba jambo fulani linaumiza ametuahidi kwamba ndani ya kitabu chake jambo hilo litaumiza kweli, na litaendelea kuumiza kwa muda unaostahili. Tuna haki ya kumdai ahadi hiyo.

Kuna ngano moja ya Grimm ambayo inakumbuka kidogo. Ni ya ndugu sita waliogeuzwa bata-maji. Dada yao anakaa miaka sita bila kusema wala kucheka, akishona mashati sita ya maua, na siku anayopelekwa kuchomwa moto anawarushia mashati hayo wakarudi kuwa watu. Shati la mwisho halikuwa na mkono wa kushoto. Ndugu mdogo kabisa anabaki na bawa mahali pa mkono, na ngano inamwacha hivyo. Haishangazi kwamba waandishi wamekimbilia hapo. Juliet Marillier alijenga juu yake riwaya nzima mwaka 1999, ambamo mmea anaoushonea dada unamharibu mikono na bawa halisahauliki. Lile bawa ni tundu katika ukuta wa ngano, riwaya imeingilia humo.

Ngano ya kunguru saba haikuachiwa tundu. Ndani ya mlima wa kioo dada anakula kidogo kwenye kila sahani, anakunywa kidogo katika kila kikombe, na katika kikombe cha saba anadondosha pete ya wazazi wao. Kunguru wanarudi, wa saba anaiona pete, wote wanageuka watu, wanakumbatiana na kubusiana na kwenda nyumbani kwa furaha. Hakuna kati yao anayeutazama mkono uliofungua mlango. Riwaya ninayoisubiri ni ile ambamo, jioni ya siku hiyohiyo, wote wanane wamekaa mezani, yule mdogo anampitishia dada yake sahani, anaviona vidole vilivyoishika, na anaanza kuvihesabu.